Kisiwa cha Suwarrow na Wageni Wake

Twaeni ramani kubwa ya dunia, mkaitandaze mezani. Wekeni kidole juu ya pwani yetu ya Afrika ya Mashariki, kisha mkipeleke upande wa mashariki, mkivuka Bahari ya Hindi na kupita bara ya Australia, hata mfike katika Bahari ya Pasifiki. Bahari hiyo ni kubwa kuliko bahari zote. Nchi kavu zote za dunia zikikusanywa pamoja na kutiwa ndani yake, hazitaijaza. Sasa tafuteni New Zealand, kisha pandeni upande wa kaskazini na mashariki, nanyi mtaona Visiwa vya Cook. Visiwa hivyo ni 15, navyo vimetawanyika mbali mbali kama punje zilizomwagika sakafuni.

Katika fungu la kaskazini la visiwa hivyo kimo kimoja kiitwacho Suwarrow. Katika ramani nyingi hakionyeshwi kabisa, na katika nyingine ni nukta ndogo tu. Kutoka Suwarrow mpaka Rarotonga, kisiwa chenye mji mkuu, ni mwendo wa kilomita 930 za bahari tupu. Suwarrow hakina uwanja wa ndege, hakina duka wala tabibu, wala hakuna merikebu ya abiria iendayo huko. Wengi wa watu wanaokifikia ni wasafiri wanaozunguka bahari katika mashua zao wenyewe za matanga, mtu na mkewe, au jamaa na watoto wao, au rafiki wawili watatu.

Katika somo hili tutafuatana na wasafiri hao. Tutaona jinsi wanavyofika, na mambo wanayoyaona wanapokitembelea kisiwa. Pamoja na hayo, liwekeni moyoni swali hili moja: Je, mtu aweza kwenda mbali hata asimhitaji tena mwenzake? Watu wengi wamelifikiri swali hili wakiwa wameketi nyumbani. Kule Suwarrow mtu mmoja alilijaribu kwa maisha yake.

I. Safari ya baharini

Wasafiri wengi huanza safari hii katika kisiwa cha Bora Bora, kilicho upande wa mashariki. Kutoka Bora Bora mpaka Suwarrow ni zaidi ya kilomita 1,200, yaani kama kwenda kutoka Mombasa mpaka Dar es Salaam mara nne. Mashua ndogo ya tanga, ikipata upepo mzuri, huenda yapata kilomita 10 kwa saa. Nayo haisimami usiku, kwa maana katikati ya bahari kuu maji ni ya kina kirefu mno, na nanga haifiki chini. Basi, ikiwa mashua ina watu wawili tu, hupeana zamu. Mmoja hulala saa tatu au nne, na mwenziwe hukaa macho, akiangalia tanga, dira, na taa za merikebu nyingine. Kisha huamshana, na aliyekuwa macho huenda kulala. Hivyo ndivyo wafanyavyo mchana na usiku mpaka waione nchi kavu.

Wakati wa kusafiri ni tangu mwezi wa Mei mpaka Oktoba. Katika miezi hiyo upepo hutoka kusini-mashariki siku baada ya siku, kama kusi yetu ijulikanavyo na manahodha wa Lamu na Unguja. Tangu Novemba mpaka Aprili ni majira ya tufani, na hapo mwenye akili huikimbiza mashua yake mahali pa salama.

Mara nyingi mashua kadha wa kadha huondoka katika siku zilizo karibu. Haziendi pamoja kama kundi la kondoo, kwa kuwa moja ina mwendo na nyingine ni nzito. Baada ya siku moja haziwezi kuonana. Walakini wasafiri hupatana saa moja maalumu ya kila siku, na saa hiyo ikifika kila mmoja hufungua redio yake. Huitana majina ya mashua, moja baada ya moja, na kila mmoja hueleza mahali alipo, hali ya upepo, na hali ya watu wake. Mashua isipojibu, wengine hushikwa na wasiwasi, nao huendelea kuiita. Ndivyo watu ambao pengine hawajapata kuonana uso kwa uso wanavyokuwa majirani katika bahari isiyo na nyumba.

II. Kuingia mlangoni

Suwarrow si mlima unaoonekana kwa mbali. Nchi yake ni mita chache tu juu ya maji. Jambo la kwanza aonalo msafiri ni vichwa vya minazi, vilivyosimama juu ya bahari kama nyasi zilizoota majini. Baadaye husikia ngurumo ya mawimbi yanayopiga mwamba. Hapo ndipo penye hatari kuliko siku zote za safari.

Mwamba wa Suwarrow ni duara kubwa lililozunguka maji yaliyotulia. Juu ya duara hiyo vimekaa visiwa vidogo vidogo, na kati ya kisiwa na kisiwa mwamba uko chini ya maji kidogo tu. Mlango mzuri wa kuingilia mashua uko upande wa kaskazini-mashariki, karibu na kisiwa kiitwacho Anchorage. Ukiukosa mlango, mkuku wa mashua utapasuka juu ya mwamba. Mwaka wa 1855 merikebu ya wavuvi wa nyangumi, jina lake Gem, ilivunjika papo hapo.

Siku hizi wasafiri wana vyombo vinavyopokea ishara za setilaiti na kuonyesha mahali mashua ilipo. Hata hivyo, nahodha mwenye busara haviamini vyombo peke yake, bali hutumia macho yake. Akifika usiku, hukaa nje baharini mpaka kuche. Kisha hungoja jua lipande juu, maana jua likiwa chini mbele yake, maji hung'aa kama kioo na hawezi kuona kilichomo. Jua likiwa juu, rangi za maji humwambia habari zote. Maji ya samawati iliyoiva ni ya kina kirefu, ya kijani yana mchanga karibu, na mahali penye rangi ya hudhurungi pana tumbawe linalongoja kutoboa mashua. Mtu mmoja husimama omoni na kuonyesha njia kwa mkono, na aliye katika usukani humfuata bila ubishi. Wakati ule si wakati wa kushindana nani ni mkubwa.

Wakiisha kuingia, hutia nanga mbele ya kisiwa cha Anchorage. Kazi haijaisha, kwa sababu chini kuna vichwa vya matumbawe, na upepo ukigeuka mnyororo wa nanga hujizongesha ndani yake. Hapo mwenye mashua ya jirani huja na miwani ya kupigia mbizi, akazama kumsaidia mwenziwe kuufungua. Kesho yake huenda mnyororo uliokwama ukawa ni wake yeye.

III. Jinsi kisiwa kilivyofanyika

Mwanafunzi atauliza, “Duara hiyo ya mwamba katikati ya bahari kuu ilitoka wapi? Nani aliijenga?” Jibu ni hili: ilijengwa na vijidudu vya matumbawe, ambavyo vingi vyao ni vidogo kuliko ukucha wa kidole chenu.

Zamani za kale, mlima wa moto ulitoka katika sakafu ya bahari, ukapanda hata kilele chake kikatokeza juu ya maji. Matumbawe yakaota kuuzunguka, katika maji ya kina kifupi yenye joto na mwanga. Vijidudu vile hujijengea nyumba za chokaa. Vikifa, nyumba zao husalia, na vingine hujenga juu yake. Kisha mlima wenyewe ukaanza kuzama polepole sana, kwa muda wa mamilioni ya miaka. Mlima ulipokuwa ukishuka, matumbawe yalikuwa yakijenga kwenda juu, ili yasiukose mwanga wa jua. Mwisho mlima ukatoweka kabisa chini ya maji, ikabaki duara ya mwamba na ziwa la maji ya chumvi mahali palipokuwa na kilele.

Mtaalamu wa Uingereza, Charles Darwin, ndiye aliyewaza jambo hili katika karne ya 19. Wengi hawakusadiki. Lakini mwaka wa 1952 watu walitoboa shimo katika kisiwa cha namna hii kiitwacho Enewetak, katika Pasifiki hiyo hiyo. Wakapita katika chokaa ya matumbawe zaidi ya mita 1,200, ndipo wakalikuta jiwe la mlima wa moto. Basi ikajulikana ya kuwa Darwin alisema kweli. Tazameni jinsi viumbe vidogo, kila kimoja kikifanya kazi yake mahali pake, vilivyojenga ukuta mrefu kuliko mnara wo wote uliojengwa na wanadamu.

IV. Kutembea kisiwani

Wasafiri hushuka katika vidau vyao na kuvuta makasia mpaka ufukoni. Kisiwa cha Anchorage ni kidogo. Mtu mzima akitembea upesi hukimaliza kabla chai yake haijapoa sana. Lakini anayekwenda polepole na kufumbua macho hupata mengi ya kuona.

Ajabu ya kwanza ni kaa wa minazi. Huyu ndiye mkubwa kuliko kaa wote waishio nchi kavu. Akiisha kukua aweza kufika uzani wa kilo 4, na miguu yake ikinyoshwa hupata karibu mita moja toka upande hata upande. Hupanda miti, na kwa magando yake yenye nguvu huweza kuifungua nazi. Ingawa alizaliwa baharini, akiisha kuwa mkubwa hawezi tena kuishi majini, naye akizamishwa hufa. Hukua polepole, na huishi miaka 40 na zaidi. Msidhani ya kuwa mnyama huyu ni wa nchi za mbali tu, maana yuko pia katika kisiwa cha Chumbe karibu na Unguja, na huko analindwa. Mahali pengi ambapo watu humla bila kiasi amekwisha kabisa.

Ajabu ya pili ni ndege. Katika visiwa vidogo vya mwamba huo membe weusi huzaa kwa makumi ya maelfu, na kelele zao husikika kabla hawajaonekana. Yuko na ndege mweupe mwenye manyoya mawili marefu mekundu mkiani, atagaye yai moja tu chini ya kichaka. Tena yuko ndege mweusi mwenye mkia wa panda, ambaye huwanyang'anya wenziwe samaki hewani kama mnyang'anyi wa njiani. Huyu huruka juu ya bahari siku nyingi, lakini hathubutu kutua juu ya maji, kwa kuwa manyoya yake hayana mafuta ya kutosha kuzuia maji, naye angelowa akazama. Kwa ndege hao wote, visiwa kama Suwarrow ndivyo nyumba yao. Wakifukuzwa hapo, hawana jirani wa kumkimbilia.

Ajabu ya tatu ni mti. Wenyeji wa Pasifiki huuita tamanu, na watu wa pwani yetu huuita mtondoo. Ni mti ule ule wenye majani manene ya kung'aa na matunda ya mviringo yenye mafuta. Mti huu una habari yake kule Suwarrow, nayo yafaa kukumbukwa.

Mwezi wa Februari mwaka wa 1942, mwandishi mmoja wa Marekani, Robert Dean Frisbie, alikuwa akikaa kisiwani pamoja na watoto wake wanne. Mama yao alikuwa amekwisha kufa. Tufani kuu ikaja. Bahari ikapanda juu ya nchi, na mawimbi yakapita katikati ya kisiwa kana kwamba hapakuwa na kisiwa. Frisbie akajua ya kuwa nyumba haiwezi kuwaokoa, wala mnazi haufai, maana mnazi huvunjika. Basi akawapandisha watoto wake juu ya mitondoo, ambayo matawi yake hupindana na upepo bila kuvunjika, akawafunga kwa kamba. Yeye na watoto wake wote wanne wakapona. Tufani ilipokwisha, visiwa 16 kati ya 22 vilivyokuwa juu ya mwamba vilikuwa vimefagiliwa na bahari. Kama baba yule asingaliijua miti ya mahali pale, tabia ya kila mmoja, watoto wake wangalipotea.

V. Nyumba ya mtu aliyekaa peke yake

Katikati ya kisiwa cha Anchorage, chini ya miti, wasafiri hufika penye nyumba ya mbao ya Tom Neale, na ukumbusho wake. Wengi hukaa kimya kidogo wanapofika hapo.

Tom Neale alizaliwa katika mji wa Wellington, New Zealand, mwaka wa 1902. Katika ujana wake alikuwa baharia wa merikebu za vita, kisha akafanya kazi za namna nyingi katika visiwa vya Pasifiki. Frisbie, yule tuliyemtaja, alimsimulia habari za Suwarrow, na tangu hapo moyo wake haukutulia. Mwezi wa Oktoba 1952, akikaribia umri wa miaka 50, alishushwa kisiwani na merikebu iliyokuwa ikipita, yeye na paka wawili, na vyombo vyake vya kazi. Merikebu ikaenda zake, akabaki peke yake.

Hakuwa mvivu. Wakati wa vita kuu ya pili, walinzi waliowekwa pale kuangalia merikebu za adui waliacha nyumba na mapipa ya kukingia maji ya mvua, Neale akavitengeneza. Nguruwe mwitu walikuwa wakiharibu kila alichopanda, akawawinda kwa mkuki mpaka wakaisha. Akakusanya udongo mzuri kidogo kidogo, akapanda mboga. Mimea ikachanua, isizae, kwa sababu kisiwani hapakuwa na nyuki. Basi akawa akichukua unga wa maua kwa mkono wake na kuupaka katika maua mengine, ndipo akapata matunda. Akajenga tena gati ya mawe iliyokuwa imebomoka, kazi ya miezi sita ya kubeba mawe mazito. Alipoimaliza, tufani ikaja ikaivunja kwa saa chache.

Kisha, mwezi wa Mei 1954, alikwenda na mashua yake katika kisiwa kingine cha mwamba ule. Alipokuwa akitupa nanga, mgongo wake ukashikwa na maumivu makali, hata akashindwa kusimama wima. Kwa taabu kubwa akarudi nyumbani kwake, akajitupa kitandani. Hakuweza kugeuka wala kupika. Kuku walikuwako na bustani ilikuwa na mboga, maji yalijaa katika mapipa na samaki walikuwa wengi ziwani, lakini vyote hivyo havikumfaa kitu, kwa kuwa hapakuwa na mkono wa kumletea. Siku zikapita, naye amelala hivyo.

Ndipo akasikia sauti za watu. Wamarekani wawili, waliokuwa wakisafiri katika mashua yao ya tanga, walikuwa wametia nanga mbele ya kisiwa. Walimkuta kitandani, wakamkanda mgongo, wakampikia na kumlisha, wakakaa naye mpaka akaweza kuinuka. Kisha wakapeleka habari, na merikebu ikaja kumchukua mpaka Rarotonga. Kama mashua ile ingalichelewa, au kama wale wawili wangalipita njia nyingine, yamkini Neale angalikufa pale alipolala.

Alirudi kisiwani mwaka wa 1960, akakaa mpaka mwisho wa 1963. Sababu mojawapo iliyomwondoa, kama alivyoeleza mwenyewe katika kitabu chake kilichotolewa mwaka wa 1966, ilikuwa hofu ya kufa peke yake, polepole, pasipo mtu wa kumsaidia. Lakini alikipenda kisiwa kuliko hofu yake, akarudi tena mwaka wa 1967, akakaa miaka kumi. Mwaka wa 1977 akashikwa na ugonjwa mzito, akapelekwa Rarotonga, na huko akafa mwezi wa Novemba, akiwa na umri wa miaka 75.

Tumpime mtu huyu kwa haki. Hakuwachukia watu. Mashua zilipofika aliwapokea wageni kwa heshima na kuwapa matunda ya bustani yake. Tena alionyesha ya kuwa mtu mmoja mwenye bidii aweza kufanya mengi kuliko tunavyodhani. Lakini fikirini: mapipa yake yalitengenezwa na nani? Kisu chake, viberiti vyake, na mbegu zake zilitoka wapi? Na siku mgongo wake ulipokataa, alipona kwa mikono ya nani? Mzima aweza kudhani ya kuwa yuko peke yake. Mgonjwa anajua sivyo.

VI. Kanuni za wageni

Mwaka wa 1978 serikali ya Visiwa vya Cook iliitenga Suwarrow iwe hifadhi ya taifa. Tangu hapo, kwa desturi, walinzi huletwa kukaa katika kisiwa cha Anchorage katika majira ya safari, na huondolewa kabla ya majira ya tufani. Mgeni afikapo hujiandikisha kwao kwanza na kulipa ada. Kisha huelezwa kanuni, nazo zote zina sababu.

Hatakwenda katika visiwa vya ndege apendavyo, kwa sababu ndege wakistushwa huacha mayai yao juani, na yai likikaa juani muda mfupi tu hufa. Hatatupa matumbo ya samaki karibu na mashua, kwa sababu papa wa ziwa lile ni wengi, nao wakizoea kulishwa hapo watawaendea watu wanaoogelea. Hataacha takataka, kwa sababu hakuna mtu wa kuja kuzizoa. Alichokuja nacho ataondoka nacho. Tena ataangalia sana asilete panya, kwa maana panya hula mayai na makinda. Katika visiwa vingi vya Pasifiki panya walioshuka katika merikebu wamemaliza ndege waliokaa huko kwa maelfu ya miaka. Panya wa Suwarrow pia wamefanya madhara, na watu wamefanya kazi ngumu ya kuwaondoa kisiwa baada ya kisiwa.

Jioni wasafiri hukutana ufukoni pamoja na walinzi. Kila mashua huleta alichonacho: mmoja mkate, mmoja wali, mmoja samaki aliyemvua njiani baharini. Watu wa mataifa mbalimbali, ambao lugha zao hazifanani, huketi kwenye mchanga mmoja. Hapo ndipo wanapoulizana, “Nani ana kamba ya ziada? Nani anajua kutengeneza mashine iliyokataa? Nani ana dawa ya jipu?” Aliye na kitu hutoa, na asiye na kitu hutoa nguvu zake. Hakuna anayeandika deni. Kila mmoja anajua ya kuwa baada ya siku chache atakuwa tena peke yake baharini, na ya kuwa sauti itakayomjibu katika redio ni ya mmoja wa hawa.

Kisha, upepo ukiwa mzuri, hung'oa nanga mmoja mmoja, wakatoka mlangoni, wakaenda zao Samoa au Tonga. Nyuma yao ndege hubaki na kaa hubaki. Wageni waliokaa vema hutambulikana kwa jambo moja: anayefika baada yao haoni alama yo yote ya kwamba walikuwako.

Sasa lirudieni swali tulilolianza. Suwarrow ni mbali kuliko mahali pengi ambapo mtu aweza kwenda, lakini hata huko mtu hakuepukana na haja ya mwenzake. Ninyi mnakaa katika vijiji na miji yenye majirani wengi. Kuna mzee anayeishi peke yake karibu nanyi, naye huonekana mzima kila siku akipita. Siku asipoonekana, msingoje wageni watoke mbali waje kumkuta. Nendeni mkabishe hodi.

Maswali

1. Mashua ikienda kilomita 10 kwa saa bila kusimama, itachukua siku ngapi kumaliza kilomita 1,200?
2. Kwa nini nahodha hungoja jua lipande juu kabla ya kuingia mlangoni? Eleza maana ya kila rangi ya maji.
3. Chora picha tatu za kuonyesha jinsi mlima wa moto unavyogeuka kuwa duara ya matumbawe.
4. Kwa nini Frisbie alichagua mtondoo, asichague mnazi? Taja mti mmoja wa kwenu ambao tabia yake yaweza kumfaa mtu wakati wa hatari.
5. Mimea ya Tom Neale ilichanua isizae. Sababu ilikuwa nini, naye alifanyaje?
6. Chagua kanuni moja ya wageni wa Suwarrow, ueleze madhara yatakayotokea ikivunjwa.
7. Andika habari fupi: “Mambo matatu niliyoyatumia leo ambayo yalifanywa na mikono ya watu nisiowajua.”